Maswali yenu ya anga: Kilimia nitoke lini nikitazame?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, nitoke nje lini ili nikione Kilimia vizuri, na nimefurahi kwa kweli maana hili ndo swali ambalo wengi hawaliulizi, wanatoka usiku wowote tu, wakikosa wanarudi ndani wanasema macho yao mabovu. Kwa wageni wa safu hii, Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota zilizobanana, ukikitupia jicho haraka haraka unaweza ukadhani ni kipande cha wingu, na kwenye apu na ramani za nyota kimeandikwa Pleiades au M45. Nimechagua barua sita. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu kwa sababu hiyo ikieleweka zingine zote zinakuwa nyepesi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisoma kwamba Kilimia kinaonekana vizuri zaidi Novemba, basi mwaka jana nikaisubiri Novemba kwa hamu, nikachagua Jumamosi moja ili watoto wasiwe na shule kesho yake, tukakaa nje mpaka saa sita usiku. Mwezi ulikuwa mkubwa unawaka kama taa, Kilimia tulikipata kwa shida sana, kidoa tu, na mdogo wao akaishia kulala kwenye mkeka. Nilikosea wapi? Na mwaka huu nipange lini?

JIBU: Marahaba, na pole kwa usiku ule. Kabla sijaenda mbali, lugha yetu ina mwezi wa kalenda na mwezi wa angani na yote tunaiita mwezi, kwa hiyo nikiandika Mwezi kwa herufi kubwa ujue namaanisha ule wa angani, tusije tukapotezana njiani.

Hukusoma uongo. Novemba inasifiwa kwa sababu ya jua. Kila mwaka karibu na tarehe 20 Mei jua linakuwa upande ule ule kilipo Kilimia, kwa hiyo kinashinda juu mchana kutwa pamoja nalo na sisi hatukioni kabisa. Miezi sita baadaye, karibu na 20 Novemba, jua limehamia upande wa pili, hili likizama kile kinachomoza, kwenye saa sita usiku kinakuwa juu kabisa, alfajiri ndo kinazama. Usiku mzima ni wako. Hapo vitabu viko sawa.

Ila jiulize, Mwezi mpevu unakaa wapi? Nao unakaa upande wa pili wa jua, ndo maana uso wake wote unawaka. Kwa hiyo Mwezi mpevu wa Novemba na Kilimia vinakutana sehemu ile ile ya anga, na vitakutana hapo Novemba hii na zote zijazo, si mkosi wako. Mwaka wangu wa kwanza yalinikuta hayo hayo, nilikuwa nimehesabu siku wiki tatu nzima, nikatoka nje nikakuta Mwezi umekaa pembeni ya Kilimia kabisa, nikanyanyua kiganja niuzibe nikawa naziona nyota mbili tatu kwenye ukingo wa kidole gumba. Nililia kidogo, sitaficha. Lakini nikiwa bado nimesimama pale ndo nikaelewa kwamba tarehe moja haitoshi, kuna saa tatu zinazozunguka kwa pamoja na unatakiwa kuzisoma zote, saa ya jua inayozunguka kwa mwaka, saa ya Mwezi inayozunguka kwa siku ishirini na tisa na nusu, na saa ya usiku wenyewe, yaani Kilimia kiko juu kiasi gani pale giza linapokuwa limekolea.

Ya jua nimeshaieleza. Ya Mwezi iko hivi, Mwezi unapita jirani na Kilimia kila baada ya siku ishirini na saba hivi, haurukagi, ila umbo lake linategemea msimu. Novemba unapita ukiwa mpevu. Februari unapita ukiwa nusu, ile nusu ya mwanzo inayoonekana jioni. Agosti unapita ukiwa nusu ya mwisho, ile inayochomoza katikati ya usiku. Ukilishika hilo huhitaji hata apu kujua Mwezi utakuharibia wapi.

Sasa saa ya tatu ndo tamu. Nyota yoyote inachomoza dakika nne mapema kila siku kuliko jana yake, kwa sababu dunia inajizungusha mara moja kwa masaa 23 na dakika 56, sio 24 kamili kama tulivyozoea kusema. Dakika nne ni kidogo huzioni, lakini kwa wiki inakuwa karibu nusu saa na kwa mwezi wa kalenda ni masaa mawili kamili. Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kwenye 20 Novemba Kilimia kiko juu kabisa karibu na saa sita usiku. 20 Desemba kinafika juu saa nne usiku kasoro dakika chache. 20 Januari kinafika juu saa mbili kasorobo usiku. Umeona kinavyokufuata mpaka mlangoni? Kwa aliye karibu na ikweta giza kamili linaingia kama saa moja na robo hivi baada ya jua kuzama, kwa hiyo Januari, giza likikolea tu, Kilimia nacho kiko kileleni kinakusubiri, watoto hawajaanza hata kusinzia.

Kwa hiyo mimi kama ningeulizwa nichague, nisingeichagua Novemba. Ningechukua Januari, na Februari mwanzoni. Najua wapo watakaonibishia, watasema Novemba unapata masaa mengi zaidi ya kutazama, ni kweli, ila nani anakaa nje masaa kumi? Familia inakaa nje saa moja na nusu, na ile saa moja na nusu inatakiwa iwe ile Kilimia kiko juu na watu wako macho.

Chukua daftari uandike masaa manne ya usiku unaoufikiria. Jua linazama saa ngapi. Giza kamili linaingia saa ngapi, yaani jua likiwa digrii 18 chini ya upeo wa macho, apu nyingi zinaonyesha hiyo. Mwezi unachomoza au unazama saa ngapi. Kilimia kinafika juu kabisa saa ngapi. Ukiyaweka kwenye mstari mmoja utaona lenyewe lile dirisha lako, na saa nyingine utaona dirisha halipo kabisa usiku huo na umejiokolea safari. Kwa mfano msimu wa 2026 kwenda 2027, Mwezi mpevu wa Novemba unaangukia tarehe 24, usiku huo usihangaike. Mwezi unapotea kabisa 9 Desemba, alafu tena 7 Januari 2027, na kwenye hiyo 7 Januari Kilimia kinafika juu karibu saa mbili na nusu usiku. Hiyo wiki ndo ningeizungushia duara. Na sio usiku mmoja, zungushia wote kuanzia siku nne hivi baada ya Mwezi mpevu wa Desemba, maana hapo Mwezi umeshaanza kuchelewa kuchomoza (unachelewa kama dakika 50 kila siku), mpaka siku nne baada ya Mwezi kuandama, maana Mwezi mchanga mwembamba haukudhuru kitu. Zinafika kama wiki mbili nzima. Mawingu yakila usiku mmoja una mwingine.

Masaa yote hayo ni ya jua, saa ya ukutani inaweza kupishana nayo. Kama unakaa magharibi sana mwa eneo lote linalotumia majira sawa na yenu kila kitu kitachelewa, kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne. Na walio mbali na ikweta giza lao linachukua muda mrefu kuingia, kule kaskazini sana wakati wa kiangazi haliingii kabisa, ila Kilimia hakiwahusu kiangazi hicho, kwao ni cha usiku mrefu wa baridi.

SWALI: Mambo vipi mwalimu. Nimepata teleskopu yangu ya kwanza, nikasubiri usiku usio na Mwezi kama ulivyowahi kutufundisha, nikaelekeza Kilimia. Nikaona nyota nne au tano zimetawanyika hovyo, hakuna kishada wala nini. Kwa macho matupu kinapendeza zaidi! Nimeuziwa kitu kibovu?

JIBU: Poa sana ndugu yangu, na hapana, hujauziwa kibovu. Teleskopu yako ni nzuri kupita kiasi kwa kazi hii. Kilimia ni kipana, kimetanda kama digrii mbili angani, yaani ukipanga Miezi mipevu minne ubavu kwa ubavu ndo upana wake huo. Watu hawaamini mpaka wapime. Sasa angalia bomba lako lina namba ya milimita, tuseme 1000, na lenzi ya kuweka jichoni tuseme ni ya milimita 25. Gawanya, 1000 kwa 25 unapata ukubwa wa mara 40. Lenzi za kawaida zenyewe zinaonyesha eneo la digrii 50 hivi, gawanya tena kwa 40, unapata digrii moja na robo. Kilimia chenye digrii mbili kitaingiaje kwenye tundu la digrii moja na robo? Unachokiona ni kipande chake cha katikati, ni kama mtu asimame sentimita mbili kutoka kwenye picha ya ukutani alafu aulize picha iko wapi.

Weka lenzi yenye namba kubwa kuliko zote ulizonazo, namba kubwa ndo ukuzaji mdogo. Ikishindikana tumia ile darubini ndogo ya pembeni ya kulengea, ile wengi tunaidharau. Na kama kuna mtu nyumbani ana darubini ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50, azima. Hiyo inaonyesha digrii sita mpaka saba kwa mpigo, Kilimia kinakaa katikati kikiwa kimezungukwa na giza pande zote, na mimi nakwambia ukweli wangu, nimetazama kwa vyombo vingi na bado narudi kwenye darubini ya macho mawili.

Ukishaipata, egemea ukuta au lala chali mikono itulie, maana mikono ikitetemeka nyota zinacheza. Tafuta ile inayong'aa kuliko zote, inaitwa Alcyone. Ubavuni kwake kuna nyota tatu ndogo zimekaa pembetatu, ndogo kweli, unatakiwa kutulia hata dakika nzima ndo zijitokeze. Alafu kutoka Alcyone kuna mstari wa nyota hafifu unashuka unapinda kidogo kama uzi ulioachiwa. Nyota zote angavu utaona zina weupe wa kubluu, hiyo ni rangi ya nyota changa za moto mkali, Kilimia kina umri wa kama miaka milioni 100 tu na jua letu lina zaidi ya bilioni nne na nusu. Nuru unayoiona imesafiri miaka kama 440 kukufikia.

Na ujue hata Galileo alihangaika kama wewe. Teleskopu yake ya 1610 ilikuwa na tundu la kuonea dogo mno, Mwezi wenyewe haukuenea, kwa hiyo Kilimia alikihamahamia kipande kwa kipande, akachora nyota 36 mahali ambapo watu walikuwa wanaona sita. Thelathini na sita! Kwa chombo hafifu kuliko chako.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi na mume wangu tumebishana. Yeye anasema nyota za Kilimia ni saba, mimi kila nikihesabu ni sita. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri dada yangu. Mko sahihi wote, ila wewe umehesabu na yeye huenda amesikia. Kishada chenyewe kina zaidi ya nyota elfu moja, macho matupu ya kawaida kwenye anga la kawaida yanapata sita, ya saba ndo ina vita. Mojawapo ya zinazokosekana ni Pleione, imebanana mno na jirani yake Atlas mpaka kwa wengi zinaonekana moja, na mwanga wake wenyewe hupanda na kushuka miaka ikienda.

Fanyeni hivi, tokeni wote wawili, simu zibaki ndani. Sio zizimwe mwanga, zibaki ndani kabisa. Jicho linahitaji dakika ishirini mpaka thelathini kuzoea giza, na ukiangalia skrini sekunde tano tu unaanza upya, nimeona watu wanaua usiku mzima hivyo, kila dakika kumi wanaangalia apu wajue wanatazama wapi. Mkihitaji taa ifungeni karatasi au kitambaa chekundu, mwanga mwekundu hafifu hauliumizi jicho lililozoea giza. Alafu msikitazame Kilimia moja kwa moja, angalieni pembeni yake kidogo huku akili iko kwenye Kilimia, sehemu ya pembeni ya jicho inashika mwanga hafifu kuliko ya katikati. Msubiri kiwe juu sana, kikiwa digrii thelathini kutoka upeo wa macho mnakitazama kupitia hewa mara mbili ya ile iliyoko utosini, kikiwa digrii kumi inakuwa zaidi ya mara tano, nyota za mwisho mwisho zinamezwa na hiyo hewa. Kwenye giza safi kabisa wapo wanaofika tisa na zaidi. Mkipata namba niandikieni, ya kila mmoja, na tarehe, na Mwezi ulikuwaje.

SWALI: Mwalimu, wengine hatupendi kusubiri mpaka mwisho wa mwaka. Kwenye miezi ya katikati nitazame kishada gani, na nijuaje wakati wake bila kukuuliza kila mara?

JIBU: Hili nimelipenda. Kila nyota na kila kishada kina namba yake ya masaa, kwenye apu imeandikwa RA, inaanza 0 mpaka 24, na hiyo ndo saa ya jua uliyokuwa unaitafuta. Shika hili tu, karibu na 21 Septemba kitu chenye namba 0 kinafika juu saa sita usiku, alafu ongeza mbili kila mwezi. Oktoba 2, Novemba 4, Desemba 6, unaendelea hivyo hivyo, Machi unakuta 12, Aprili 14. Kilimia ni 3 na dakika 47, kwa hiyo kabla kidogo ya 21 Novemba, umeona inavyokubali? Ukitaka kukiona saa tatu usiku badala ya saa sita, songeza mbele mwezi mmoja na nusu.

Kwa katikati ya mwaka ningekupeleka Omega Centauri. Namba yake 13 na dakika 27, kwa hiyo saa sita usiku ni karibu katikati ya Aprili, na saa tatu usiku ni mwisho wa Mei. Hiki si kama Kilimia, ni tufe la nyota karibu milioni kumi, umbali wake kama miaka ya nuru 17,000, kwa macho matupu ni kama nyota yenye ukungu kidogo, kwa darubini ya macho mawili ni mpira laini wa mwanga na kwa teleskopu ya wastani ule mpira unaanza kupasuka kuwa nukta nukta nukta, kila ukikaza macho zinaongezeka. Mara ya kwanza nilitoa jicho nikapumzika maana nilijisahau kupumua.

Ila kabla ya kupanga angalia namba ya pili, digrii za kaskazini au kusini. Toa tofauti kati ya hiyo na latitudo yako, alafu toa jibu kwenye 90, unapata kimo cha juu kabisa kitakachofika kwako. Omega Centauri iko digrii 47 kusini. Aliye kwenye ikweta anakipata kwenye kimo cha 43, safi kabisa. Aliye digrii 35 kaskazini anapata 8 tu, kinaburuza juu ya upeo. Kupita 43 kaskazini hakichomozi milele, asijisumbue, achukue kishada cha M13 ambacho ni cha huko kwao, kiko digrii 36 kaskazini na kinapendeza sana Juni na Julai.

SWALI: Mwalimu shikamoo, niliuona Mwezi umeingia katikati kabisa ya Kilimia, nyota moja ikazimika ghafla kama imepulizwa. Niliona vizuri au macho?

JIBU: Marahaba, uliona vizuri na una bahati. Mwezi uliiziba ile nyota. Inazimika ghafla hivyo kwa sababu Mwezi hauna hewa ya kuififisha polepole na nyota iko mbali mno kiasi kwamba ni nukta tu, kwa hiyo ni ipo, haipo. Njia ya Mwezi angani inapanda na kushuka kwa mzunguko wa karibu miaka 18 na nusu, na kuna kipindi inapita juu ya Kilimia mwezi baada ya mwezi, tuko ndani ya kipindi hicho sasa na kitaenda mpaka 2029. Sio kila sehemu ya dunia inaona kila tukio, ingiza mahali ulipo kwenye programu ya nyota, Stellarium ni ya bure, usogeze muda mpaka Mwezi ukigusa Kilimia. Chagua siku Mwezi uko mwembamba au nusu na unaongezeka, maana hapo nyota inazimikia kwenye upande wake wa giza na ndo kinachovutia, ukiwa mpevu mwanga unazidi huoni kitu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mtu mzima, macho bado yapo. Tulipokuwa wadogo tukisikia kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimelisema neno hili maisha yangu yote ila sijawahi kukiona kinavyozama wala kinavyozuka. Inawezekana kupanga nikakiona?

JIBU: Shikamoo. Inawezekana kabisa, na barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Kuzama kunakosemwa hapo sio kule kwa kila usiku, ni kule kwa mwaka. Kuanzia Machi utakiona kila jioni kiko chini zaidi upande wa magharibi, giza likiingia kimebakiza safari fupi. Mwisho wa Aprili kinaingia kwenye mwanga wa machweo, jioni moja unakiona kwa shida, jioni inayofuata hakipo. Alafu hakionekani kama siku arobaini hivi, jua linapita upande wake, ndo ile 20 Mei niliyoitaja juu.

Kuzuka ndo kugumu na ndo kuzuri. Jipange katikati ya Juni, tuseme kuanzia tarehe 12 mpaka 20. Angalia kwanza Mwezi usiwe karibu na mpevu, maana alfajiri utakuwa bado unawaka magharibi na unafifisha anga zima. Siku moja kabla amka ushuhudie jua linapochomoza, uweke alama, labda ni juu ya mti fulani au pembe ya paa, kwa sababu katikati ya Juni jua na Kilimia vinachomozea karibu sehemu ile ile kabisa ya upeo. Kesho yake uwe nje saa moja na nusu kabla ya jua, ukae mahali ambapo mashariki pako wazi mpaka chini, mtu mzima abebewe kiti na blanketi, na kama kuna mjukuu mwenye darubini ya macho mawili aje nayo.

Usitazame juu. Nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke juu ya ile alama yako. Kwa aliye karibu na ikweta, tarehe 15 Juni, saa moja kabla ya jua kuchomoza, Kilimia kiko ngumi moja au zaidi kidogo juu ya upeo. Zile nyota sita hutazitenganisha, hewa ya chini ni nzito, utaona kitu kama pumzi iliyoganda kwenye kioo, kidogo, kimekaa pekee yake pale kwenye rangi ya kijivu. Una kama nusu saa kabla anga halijakifuta. Usipokiona siku hiyo rudi kesho yake, kitakuwa kimechomoza dakika nne mapema na kimepanda juu kidogo, na keshokutwa zaidi, na kama mawingu yamefunga wiki nzima basi mwanzoni mwa Julai kitakuwa kimepanda vizuri na hakikupotei tena.